Kijiti Kilichobaki Kileleni

Chama kilikufa kabla mimi sijahamia Mautuma, lakini Katibu wake alibaki Katibu. Mke wake alimwita hivyo, chifu alimwita hivyo, na hata watoto wa darasa la kwanza, ambao hawajui chama ni kitu gani, walimsalimu kwa cheo hicho alipopita na baiskeli yake. Kilikuwa chama cha wakulima wa mahindi. Kilikufa jinsi vyama vingi vinavyokufa huku kwetu: mwenyekiti alinunua lori, wanachama wakabaki na kofia zenye nembo. Katibu alibaki na funguo za ghala.

Ghala lenyewe lilikuwa la mawe, lililojengwa na Mzungu mmoja zamani, wakati ardhi yote hii ya Lugari ilikuwa mashamba yao, kabla haijakatwa vipande na kugawiwa watu wetu. Kila asubuhi Katibu alilifungua, akalifagia, akaliacha lipate hewa, na jioni akalifunga. Ndani hamkuwa na gunia hata moja. Siku moja nilimuuliza anafagia nini.

"Nafagia huko kukaa bure," alisema. "Nyumba ikikaa bure, Madam, inaanza kuwaza vibaya."

Nilicheka. Nilikuwa mgeni, na nilidhani ni mzaha.

Maneno yake ya kwanza kwangu hayakuwa ya salamu. Darasa langu lilikuwa nusu ya zizi la zamani la farasi wa Mzungu yuleyule, kuta nene na madirisha madogo yaliyokaa juu. Nilikuwa nimepigilia msumari ukutani ili nitundike chati ya irabu. Katikati ya somo nikaona kichwa cha mzee dirishani, kofia mkononi.

"Madam, hiyo ukuta umepiga msumari iko na umri kushinda babu yako."

Nikamwambia babu yangu yuko kwetu Ekero, ana nguvu zake, na bado anakata miwa.

"Basi uheshimu wote wawili," akasema, akaenda zake. Watoto waliniangalia waone kama nitalia. Jioni alirudi na kamba, akaifunga kwenye boriti, akaning'iniza chati yangu mwenyewe, na ule msumari akautoa taratibu na kuutia mfukoni. Hakusema pole wala karibu. Ndivyo alivyokuwa, alikugombeza kwanza, kisha akakufanyia kazi ambayo hukumwomba.

Alipenda kugonga kuta. Akiingia nyumba yoyote ya zamani, hata kama ameitwa chai, aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole na kutega sikio, na mazungumzo yote yakasimama kumngojea. Aliokota vipande vya udongo uliobanduka na kuvinusa, akatuambia udongo huo ulichimbwa kijito gani. Nilikuja kugundua kwamba alikosea mara nyingi kama alivyopatia, ila alisema kwa uhakika kiasi kwamba wenye nyumba walikubali hata mahali walipojua si kweli.

Na tukizungumzia ukweli, Katibu alikuwa mwongo. Nasema hivi nikimheshimu. Watu wa kaunti walipokuja kutazama ghala ili libomolewe, maduka ya kisasa yajengwe mahali pake, aliwaambia kwamba wapigania uhuru walifungwa mle na majina yao yalikuwa yamechorwa chini ya chokaa. Wa kanisa walipotaka mawe yake wajengee ukumbi, aliwaambia ibada ya kwanza ya eneo zima ilifanyika pale, na kubomoa madhabahu ni jambo la kuombea kwanza. Walienda kuomba, hawakurudi. Vijana wa siasa aliwapa hadithi nyingine kabisa. Mimi ni mwalimu, uongo hunikera, na siku moja nikamwambia wazi kwamba wiki iliyopita lilikuwa jela na sasa limekuwa kanisa.

"Ukuta ukianguka," akaniuliza, "huo ukweli wako utaegemea wapi?"

Sasa ninayo majibu mengi, na yeye hayupo wa kuyasikia.

Usidhani basi kwamba yeye mwenyewe aliishi katika nyumba ya zamani. Nyumba yake ilikuwa ya matofali na mabati ya rangi ya buluu, sakafu ya vigae, dari ya plastiki nyeupe iliyong'aa kama sahani. Mke wake alipenda vitu safi na yeye hakumpinga. Nilipomtania juu ya hilo alisema nyumba ya nyasi ni nzuri kuhifadhi, lakini kulala ndani ni kazi, viroboto na moshi na panya. Alilala usingizi mzuri chini ya mabati yake huku akiwakataza jirani zake kuezeka mabati. Watu walimsema sana kwa hilo, na walikuwa na haki.

Picha hakuzitaka. Vijana walikuja na simu, na mara moja walikuja wageni wa chuo kikuu na kamera kubwa, wakamwambia asiwe na wasiwasi, wataihifadhi kila nyumba pichani. Aliomba aonyeshwe. Akaitazama picha kwa makini, akaigeuza simu huku na huku.

"Hapo ndani mvua inanyeshanga?"

"Hapana, mzee."

"Basi hiyo si nyumba," akawarudishia simu yao.

Mvua ndiyo aliyoiogopa. Huku kwetu mawingu hujikusanya baada ya chakula cha mchana, na katika miezi ya mvua kubwa radi hupiga karibu kila siku. Wakati huo Katibu alikuwa mtu mwingine. Aliacha maneno nusu, akasimama mlangoni akitazama upande wa vilima vya Nandi, na ukimuuliza kuna nini alisema, "Kuna kitu inakuja." Nilimwambia ni mvua tu. Nyumba ya zamani ilipoanguka mahali popote kati ya Mautuma na Lumakanda, alivaa koti lake jeusi na kwenda kukaa pale kwenye kifusi mpaka jioni, kama mtu aliyeenda matanga, na wenyewe walilazimika kumpa kiti na uji.

Sasa nifike kwenye nyumba ya Kukhu, kwa maana huwezi kueleza habari za Katibu ukaiacha.

Ilikuwa nyumba ya msonge, kubwa, ya mwisho ya aina yake upande wetu. Ilijengwa na mzee mmoja wa wale waliopewa ardhi mwanzo kabisa. Nguzo ya katikati ilikuwa gogo moja zima, jeusi kwa masizi. Kuta zilikandikwa na mke wake, bibi ambaye sote tulimwita Kukhu, yaani nyanya, na kila mwaka baada ya mavuno alizichora upya kwa udongo mweupe na mwekundu. Paa la nyasi lilishuka karibu kugusa ardhi. Na juu kabisa, kileleni, kilisimama kijiti.

Kijiti hicho wenyeji wanakijua, ila nitamweleza asiyejua. Nyumba ya namna hiyo huwa na kijiti kileleni, na maana yake ni kwamba mwenye nyumba, mwanamume, yuko hai. Akifa, wazee wanakiondoa. Ukipita njiani ukaona paa lisilo na kijiti, huhitaji kuuliza, unavua kofia. Kikishaondolewa hakuna mtu atakayepanda tena kuezeka paa lile. Linaachiwa mvua.

Mzee alipofariki, alikuwa mkongwe na kifo chake hakikumshangaza mtu. Mimi nilikuwa pale na wanawake wengine, tukiosha sufuria kubwa nyuma ya nyumba. Baada ya maziko wazee walikuja na ngazi. Wafula, mtoto wa marehemu, ndiye aliyeishikilia. Katibu akatoka katikati ya watu na koti lake jeusi, akasimama mbele ya ngazi.

"Mkitoa hii kijiti," alisema, "hakuna mtu atapanda kuezeka. Itaanguka."

"Nyumba ya mtu ameenda huangukanga," akamjibu mzee mmoja, mdogo wa marehemu, bila hasira. "Ndiyo kazi imebaki nayo."

"Hii ni ya mwisho. Kutoka hapa mpaka Lumakanda hakuna ingine."

"Tunajua. Lakini kijiti ikikaa, iko na mwenyewe. Sasa tuambie, mwenyewe ni nani?"

Nilimwona akigeuka kuitazama nyumba, halafu akasema kwa sauti yake ya mikutano, ile ya kusoma ajenda, "Andikeni ni yangu."

Jirani yangu aliacha kusugua sufuria. Mwingine aliinua leso akafunika mdomo. Wazee walitazamana, wakachukua ngazi yao, wakaondoka. Mimi nilifurahi. Kwetu Ekero tulishazoea mabati, mambo ya vijiti niliyasikia tu, na nilidhani Katibu ameshinda kama alivyowashinda watu wa kaunti.

"Madam, hujaelewa?" jirani yangu akaninong'oneza. "Kijiti ni ya mwanaume. Mwenye kijiti ndiye mwenye nyumba, na mwenye nyumba ndiye mwenye mama yuko ndani. Katibu amerithi mjane mbele ya bibi yake, na watu bado wanakula obusuma, ugali ya matanga."

Katibu alikuwa anafikiria nyasi na fito. Alikuwa anafikiria ile nguzo nyeusi. Mtu mzima, mzaliwa wa mila hizo, aliyezijua kuliko sote, alisimama penye kaburi bichi na kusema jambo ambalo kila mtoto wa pale angejua linavyosikika. Sidhani alikumbuka kwamba ndani ya nyumba ile mlikuwa na mtu. Jioni alikuwa ameshaelewa, nilimwona usoni. Lakini kulikana neno lile kungekuwa kuwarudishia wazee ngazi, na hilo hakuliweza. Basi akaliacha lisimame, na kijiti kikasimama nalo.

Mke wake alimsikiliza alipomweleza kwamba ni mambo ya ujenzi tu. Alimpikia chakula, akamwekea maji ya kuoga. Baada ya wiki chache alihamia kwa binti yao Lumakanda, akasema anaenda kusaidia na mtoto. Mtoto mwenyewe alikuwa sekondari.

Kukhu naye hakungoja wiki. Siku ileile ya maziko alitoa mkeka wake, kigoda na chungu, akahamia jikoni, kibanda kidogo cha mabati makuukuu mkabala na mlango wa nyumba yake, ambamo kuku walilala. Nilimfuata nikambembeleza arudi ndani.

"Siingii nyumba ya mwanaume ingine," alisema. "Watu watasema nini? Na mwenyewe huko chini atasema nini?"

"Katibu hana nia hiyo, Kukhu."

"Najua hana. Kijiti haijui."

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, na yaliharibika kwa njia ambayo Katibu, kwa ujuzi wake wote wa kugonga kuta, hakuitazamia. Paa la nyasi huishi kwa moshi. Moto unaowaka kila siku chini yake ndio unaokausha nyasi na kufukuza wadudu. Kukhu alikuwa amewasha moto mle tangu alipokuwa msichana aliyeolewa juzi. Alipotoka, moto ulitoka naye. Mvua za kwanza zilipopita nyasi zilibadilika rangi, zikawa za kijivu, na unga mwembamba ukaanza kudondoka kutoka kwenye fito.

Basi Katibu akawa anakwenda mwenyewe. Asubuhi na mapema, kabla ya kufungua ghala, alibeba kuni kwenye baiskeli, akaingia, akawasha moto, akakaa nao. Wapita njia wakawa wanaona moshi ukitoka katika paa la marehemu, kijiti kimesimama juu yake, na mjane yuko ng'ambo ya ua ameketi mlangoni pa jiko, ameipa nyumba mgongo. Hakuna aliyehitaji kuongeza kitu. Wanawake waliacha kupitia njia hiyo kwenda kuteka maji. Mimi nilikuwa nikipeleka darasa langu pale kujifunza nyumba za zamani, nikaacha, kwa sababu watoto walisimama kwenye ua wakakataa kwenda mbele. Walitaka kujua kwanza, kama kijiti kipo na mwenyewe tulimzika, ni nani aliye hai humo ndani.

Nami niliingia naye mara moja tu. Kiti cha marehemu kilikuwa mahali pake, na Katibu hakukikalia. Alikaa pembeni, karibu na mlango, kama mgeni aliyekuja kuomba kazi. Macho yalikuwa mekundu kwa moshi, na alikohoa kikohozi kirefu. Alikuwa amekonda, shati lilimpwaya shingoni.

"Sikiliza," aliniambia.

Nilisikiliza. Kulikuwa na mlio mdogo mno juu yetu na ndani ya kuta, kama mtu anayetafuna mchele mbichi.

"Mchwa," nikasema.

"Wanakula. Hiyo haiogopeshi. Kuna wakati wananyamaza wote mara moja. Hapo ndipo naogopanga."

Tukakaa. Baada ya muda mlio ulikatika ghafla, na yeye akainua uso akatazama paani, mimi nikatoka nje. Sioni haya kulisema. Hata sasa nyumbani kwangu usiku ukitulia sana ninawasha redio.

Kuna jambo jingine lilipita kati yetu siku hizo. Tulikuwa tumesimama kwenye mlango wa ghala, naye akaniuliza, "Madam, nikienda, kijiti itakuwa ya nani?" Mimi nikamjibu kwa kucheka, "Kiwe changu." Nilisema tu kama mtu anavyosema. Lakini yeye hakucheka. Alinitazama, akafunga ghala kabla jua halijashuka, na akaenda zake bila kuniaga.

Mwaka uliofuata mvua zilikuwa nyingi, na Kukhu akaanza kuugua. Mabati ya jiko yalivuja pande zote. Nilimpelekea blanketi, nikamkuta ameketi juu ya kigoda, miguu ameiinua isiguse maji, kuku wamejikunyata chini yake. Kifua chake kilisikika ukiwa nje. Wafula alitaka kumhamishia kwake, akakataa.

"Nilikandika hiyo ukuta na hii mikono," aliniambia, akiitazama nyumba yake kupitia mlangoni. "Sasa naiangalianga kama mgeni. Mimi sikasirikii Katibu, Madam. Lakini nataka kufia mle. Si hapa kwa kuku."

Nilikwenda kwa Katibu moja kwa moja na matope yangu miguuni. Nilimkuta ghalani, nikamwambia atoe kijiti.

"Nikitoa, imekufa."

"Na Kukhu?"

Aligonga ukuta kwa kidole, akasikiliza, kana kwamba jibu lilikuwa humo.

"Kukhu ni mtu," alisema. "Watu wanazaliwanga kila siku. Hiyo nyumba nani atazaa ingine?"

Nilimchukia siku hiyo, na sitalipunguza neno. Nilimwambia kwamba amehifadhi kila kitu isipokuwa yule aliyekitengeneza, kwamba hata Mzungu wa ghala lake hakumfukuza Kukhu nyumbani kwake, na kwamba asinisalimie tena njiani. Alinisikiliza kofia mkononi. Nilipomaliza alichukua ufagio wake. Muhula mzima hatukusemezana. Nilipoona baiskeli yake nilivuka upande wa pili wa barabara, na yeye alishuka na kuikokota mpaka nimepita.

Kisha shule ikafungwa, nikaenda Ekero kwa mama. Niliporudi ilikuwa alasiri, mawingu tayari yamejaa upande wa Nandi, na nilitembea kutoka barabara kuu na begi langu. Ukifika kwenye kona yenye mikaratusi, kitu cha kwanza unachoona ng'ambo ya bonde ni paa la Kukhu.

Kijiti hakikuwepo.

Nilisimama. Nilitazama tena, nikidhani ni mwanga mbaya. Paa lilikuwa pale, moshi ulikuwa ukitoka, na kileleni palikuwa wazi. Mila ni mila, hata kwa mtu wa mabati kama mimi. Mwenye kijiti hayuko hai. Niliweka begi chini kwenye vumbi na nikamlilia Katibu pale barabarani, kwa sauti, kwa yale niliyomwambia ghalani na yale ambayo sikuwa nimemwambia. Mtu wa bodaboda alipunguza mwendo, akatazama nilikotazama, akasema, "Pole, Madam," akaendelea. Nilifunga leso kiunoni na kushuka bondeni kwenda kutoa rambirambi, ingawa sikujua nitampa nani.

Nilimkuta Katibu mwenyewe ameketi nyuma ya nyumba chini ya ukingo wa paa, upande usioonekana kutoka mlangoni. Alivaa koti jeusi. Kijiti kilikuwa kimelala juu ya magoti yake.

Nikakaa chini kwenye nyasi karibu naye.

"Katibu," nilisema, "nimekulilia barabarani."

"Umefanya vizuri," alijibu kwa sauti ya chini sana. "Punguza sauti. Wengine pia wamelia. Bibi yangu amerudi kutoka Lumakanda. Amekuja kuomboleza."

Sikujua nicheke au nilie tena. Nikamuuliza nani aliyekiondoa, akasema ni yeye, alipanda ngazi aliyoiazima kwa Wafula, peke yake, asubuhi moja. Wazee walitazama kutoka barabarani na hakuna aliyemsogelea, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona mtu akiondoa kijiti chake mwenyewe.

"Na Kukhu?"

Alionyesha ukuta kwa kidevu. "Ako ndani. Wafula amembeba jana, amemlaza hapo kwa nguzo. Haitachukua siku nyingi. Aliulizanga tu kama mwenye kijiti ameenda kweli. Nikaambia Wafula amwambie ameenda." Alikohoa ndani ya mkono wa koti, akajizuia. "Asingekubali kuingia, Madam. Kijiti kutoka haitoshi. Lazima mtu awe ameenda."

Nilitazama juu. Mahali kijiti kilipochomekwa palikuwa na tundu, nyasi zimefunguka kuzunguka, na juu yake wingu jeusi. Naye alikuwa anatazama palepale.

"Itaanzia hapo," alisema.

Hasira yangu ilirudi, lakini ilikuwa ya namna nyingine. "Kwa nini hukuniuliza? Nilikwambia kiwe changu. Mimi ni mwanamke, sirithi mjane. Ningesimama mbele ya wazee niseme ni changu, Kukhu angeingia nyumbani kwake bila aibu, na nyumba ingesimama. Ulijua hilo."

"Nilijua."

"Tangu siku ile?"

"Tangu hiyo siku."

"Sasa kwa nini?"

Alipitisha kidole gumba kwenye kijiti, kutoka upande uliokuwa umechomwa na jua mpaka ule uliokaa ndani ya paa, mweusi na laini kwa masizi. Mikono yake ilikuwa imekonda mno. Niliona wazi, nikiwa karibu naye kiasi kile, kwamba habari aliyompa Kukhu isingebaki uongo kwa muda mrefu.

"Kwa sababu ungekubali," alisema. "Ungeanza kubeba kuni. Ungekuwa unakaa hapo ndani unasikiliza. Mimi imenitosha."

Tone la kwanza lilianguka kwenye koti lake, kisha jingine. Ndani tulisikia kikohozi, na mkeka ukisogezwa.

"Nani ako nje?" Ilikuwa sauti ya Kukhu, nyembamba, lakini ilikuwa sauti ya mwenye nyumba. Sikuwa nimeisikia hivyo tangu maziko.

Katibu aliinua miguu yake taratibu akaiweka juu ya jiwe, isikwaruze. Alikiteremsha kijiti nyasini kwa mikono miwili. Akaniangalia, na nikaona kwamba ameizuia pumzi.

"Ni mimi, Kukhu," nilisema. "Mwalimu."

"Nasikia watu wanaongea. Uko na nani?"

Mvua ilikuwa imeanza kugonga nyasi juu yetu. Yeye alitikisa kichwa, polepole, macho yake machoni pangu.

"Niko peke yangu, Kukhu," nikasema.